Siku Moja Jangwani Tuliyoipanga Wawili

Mpendwa Papa Ngoie,

Nimeketi kwenye meza yetu ya jikoni hapa Dilala, Kolwezi, upande wako, kwa sababu upande wangu jua linanipiga machoni saa hizi. Nimetoka shuleni, nimevua viatu, nimefunga dirisha. Malori yanapita bila kukoma na vumbi la kiangazi limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Nataka kukusimulia mambo yote kwa mpangilio, tangu ulipolileta lile wazo mpaka niliporudi wiki iliyopita. Mengine unayajua. Vumilia. Anayekuandikia ni mwalimu, na mwalimu haanzi somo katikati.

Ulianza wewe. Ulikuwa umerudi kutoka Walvis Bay, njia uliyopita na lori, ile kamyo yako, miaka kumi na moja: unapakia mabamba ya shaba Fungurume, unavuka mpaka Kasumbalesa, unaikata Zambia nzima, unaingia Namibia, unashusha mzigo bandarini, unageuza. Watu wakikuuliza nchi hizo zikoje, ulikuwa unacheka na kusema unachokijua ni vituo vya mafuta tu. Siku hiyo ulitoa mfukoni picha uliyoikata kwenye kalenda ya zamani. Milima ya mchanga mwekundu, chini yake uwanja mweupe kama sahani, na katikati ya uwanja miti mikavu imesimama wima, haina hata jani.

"Ni park ya taifa, mu jangwa ya Namibia," ulisema. "Batu banatoka mbali sana, banakuya kuangalia muchanga."

"Muchanga?" nikakuuliza. "Bakuye huku Kolwezi, tutabaonyesha."

Ulicheka hadi ukakohoa. Kisha ukaacha kucheka. "Miaka kumi na moja napita pembeni, Mama Ngoie. Kamyo haisimame. Siku moja mi nataka kuingia mule na miguu yangu. Na weye."

Ulisema "na weye" ukiangalia sahani. Katika mambo ya namna hiyo ulikuwa mtu wa haya, hata baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa.

Sikukuambia siku ile jinsi nilivyofurahi. Kila mwaka nafundisha darasa la tano somo la jangwa. Nachora ubaoni ngamia mmoja na mtende mmoja, kama vilivyo kwenye kitabu, na watoto wanachora ngamia wao wenye miguu mitano. Mimi mwenyewe mbali nilikowahi kufika ni Lubumbashi. Nilikuwa nasimama mbele ya watoto arobaini nikieleza kitu ambacho sikuwahi kukiona, na kila mwaka nilikuwa naogopa mmoja wao aniulize.

Nikachukua daftari jipya nikapiga mstari wa katikati: saa upande wa kushoto, shughuli upande wa kulia. Likizo yako, ile mliyoiita konje, ilikuwa siku kumi. Tukazihesabu. Basi la kwenda na kurudi lingekula nane, na moja ya kupumzika Windhoek ili miguu yangu ishuke uvimbe. Ilibaki siku moja. Ukaniangalia, nikakuangalia.

"Moja inatosha," ulisema.

Tuliipanga siku hiyo kwa miaka mitatu, Papa Ngoie. Hakuna siku nyingine ya maisha yetu tuliyoigombania namna ile. Wewe ulitaka tuwe mlangoni kabla jua halijachomoza, tuwe watu wa kwanza kuingia. Mimi nilitaka kwanza ninywe chai. Wewe ulitaka tupande mlima mrefu kuliko yote, tushuke, tuone uwanja mweupe wa miti mikavu, tupande mlima mwingine, tungoje hapo hadi jua lizame na lango lifungwe. Mimi niliandika kwenye saa tatu: *kukaa chini ya mti*.

"Kuikala?" ulishangaa. "Siku moja tu, na weye unataka kuikala?"

"Njo sababu ni siku moja. Nataka kuikala mule, niangalie. Kupanda na kushuka nafanya kila siku ku shule."

Ukafuta *kukaa chini ya mti*. Uliposafiri nikaandika tena. Uliporudi ukaipunguza ikawa nusu saa. Tuligombania chakula pia. Nilitaka kubeba bukari, ugali wetu, na samaki wa kukaanga, ukashika kichwa: "Bukari mu jangwa, mama? Utaisongea wapi?" Tukakubaliana mayai ya kuchemsha, mkate na karanga, na maji lita nne kila mtu. Nilinunua kofia mbili sokoni. Yako ilikuwa ndogo, ukaivaa hivyo hivyo ukiwa unasikiliza redio, ili ipanuke.

Halafu lile zoezi letu. Nani angeamini? Jumapili baada ya misa, badala ya kwenda kusalimia watu, tulivuka nyumba za zamani za kampuni ya migodi tukapanda kile kilima cha mabaki ya mgodi, ati tuizoeshe miguu kupanda mchanga. Mimi katika kitenge cha kanisani, wewe na viatu mkononi. Mlinzi akatokea chini akapiga kelele.

"Tata! Mama! Munatafuta nini kule? Kobalti yote ya kule balishaimaliza zamani!"

"Tunatafuta jangwa!" ukamjibu.

Akakuna kichwa. "Haiko huku," akasema kwa upole. "Shukeni tu."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Wewe nawe ulikaa, lakini hukuwa unacheka. Ulikuwa umeweka mkono kifuani na mdomo wako ulikuwa na rangi nisiyoijua. "Ni vumbi," ulisema. Nikakupa maji. Nikakutania kwamba usukani umekuharibia miguu.

Nimeirudia Jumapili hiyo kichwani mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Ningekupeleka hospitali kesho yake. Sikukupeleka. Unajua nilifanya nini? Nilirudi nyumbani nikafungua daftari, nikaongeza dakika ishirini kwenye muda wa kupanda mlima.

Mara ya kwanza konje ilipoahirishwa ilikuwa kwa sababu ya mvua na barabara. Nikasema sawa. Mara ya pili kampuni ilikuwa na mzigo mwingi na madereva wachache. Nikasema sawa, lakini nilikuwa nimeshawaambia walimu wenzangu na wanafunzi wangu, na ilibidi niende darasani nikajibu. Mara ya tatu nilikuwa na pasipoti mkononi, viza imegongwa ndani, ruhusa ya mwalimu mkuu imeandikwa. Ukaingia ukasimama mlangoni hata kabla ya kuweka begi chini, nikajua.

"Bananiomba safari moja tena," ulisema. "Moja tu. Nikirudi, banatia saini."

Sikupiga kelele. Afadhali ningepiga. Asubuhi ulipokuwa unafunga kamba za viatu, nilisimama nyuma yako nikasema maneno haya, nayajua moja moja: "Ile jangwa yako, enda nayo weye mwenyewe. Mi siitaki tena. Usinitajie."

Ulibaki umeinama kidogo. Kisha ukasimama na begi lako. "Sawa, mama," ulisema.

Hukukasirika. Ulikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa habari na anaikubali. Ukatoka, na mimi nikaanza kuosha vikombe kwa nguvu ili nisisikie pikipiki ikiondoka na wewe.

Siku nne ulipiga simu, siku nne sikuipokea. Nilikuwa naiangalia inalia. Nilikuwa najiambia, acha ajue.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, watoto walikuwa uwanjani wakicheza. Ukanitumia ujumbe wa sauti kutoka kwenye foleni ya malori, Kasumbalesa. Nyuma ya sauti yako nilisikia honi na wauza mayai. Ulisema: "Mama Ngoie, bametia saini konje. Mutu wa bureau ya kampuni amenitumia picha ya karatasi, tarehe iko juu, na muhuri. Nikishusha huu muzigo nikirudi, tunaenda. Najua umekasirika. Uko na haki. Lakini unijibu hata neno moja, mi niendeshe na roho ya kutulia."

Niliusikiliza mara mbili. Nilifurahi, Papa Ngoie. Nilitabasamu peke yangu kwenye kona ya darasa kama msichana. Na nilisema moyoni: nitamjibu baada ya shule. Asubiri kidogo. Na mimi nimesubiri miaka mitatu.

Hicho ndicho kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote, hata Ngoie mwanetu, hata padri. Nilitaka usubiri kidogo.

Saa tisa nilipiga. Ilipokelewa na sauti ya Tata Kabange, mwenzako wa barabarani.

"Mama, uko wapi?"

"Niko ku njia, natoka shule. Nipe Papa Ngoie."

"Mama, tafuta fasi uikale kwanza."

"Tata Kabange, nipe bwana yangu."

"Ikala, mama. Nakuomba."

Nikakaa pale pale kando ya barabara, kwenye jiwe la mama anayeuza mkaa. Akaniambia. Foleni ilikuwa imesogea na lori lako halikusogea. Wa nyuma wakapiga honi. Yeye akaja kugonga mlango akidhani umelala. Ulikuwa umekaa vizuri, mikono juu ya usukani, simu juu ya mapaja. Daktari wa mpakani alisema ni moyo. Mama wa mkaa alinishika mabega, nami nilikuwa namwomba radhi kwa kumkalia jiwe lake.

Madereva walikuleta. Malori yalijipanga hadi barabara kuu, na watu wa mtaa wakajua hata kabla ya kuambiwa. Tata Kabange alinipa begi lako na simu yako. Sikuifungua simu. Nilijua kilichomo: maneno yako, na chini yake hakuna jibu. Tulikuzika siku ya mawingu, na wakati kwaya inaimba nilikuwa narudia kimya kimya jibu ambalo ningekupa saa nne. Halikuwa refu. "Nimesikia, tata. Endesha polepole." Hayo tu. Yangechukua muda gani?

Miezi ilipita. Ngoie alikuwa anakuja kila mwisho wa juma kutoka ofisini kwake Fungurume, ananipikia, ananiangalia nikila. Siku moja alikuwa anapanga makaratasi yako akaikuta pasipoti yangu. Akaipekua.

"Mama, hii viza haijakufa. Imebakia wiki tatu."

"Iache."

"Kwa nini usiende?"

"Kwenda wapi? Peke yangu? Nikafanye nini mule?"

Akaifunga pasipoti akaiweka mbele yangu. Mikono yake inafanana na yako. "Papa alinipigia ile wiki," akasema. "Alisema mumegombana. Alisema, mama yako ameniambia haitaki tena ile jangwa. Mi nikamuambia, papa, unamujua mama, ni hasira tu. Akanijibu, hapana, safari hii labda ni kweli."

Nilitoka nje nikasimama uani kati ya nguo zilizoanikwa. Kumbe uliniamini. Siku zote nilijipa moyo kwamba ulijua ni hasira, na kumbe uliondoka ukidhani sitaki tena kwenda nawe popote. Na nikaona wazi kwamba nikiiacha viza ife, basi yale maneno ya mlangoni yatakuwa kweli. Yatakuwa ndiyo neno langu la mwisho kwako. Niliporudi ndani nilimwambia Ngoie anitafutie basi.

Yeye hakupata ruhusa kazini, nami sikumlazimisha. Nilipita kwenye barabara yako, Papa Ngoie. Kasumbalesa foleni ilikuwa ndefu. Basi letu lilipita pembeni taratibu, na mimi niliangalia kila lori, kila dereva juu ya usukani. Mmoja alikuwa anakula ndizi. Mmoja alinipungia mkono. Sikujua ni mahali gani hasa ilitokea, kwa hiyo niliomba njia nzima, hadi mpaka ulipokwisha. Zambia ni kubwa kuliko ulivyonisimulia. Ulikuwa unaimaliza kwa sentensi moja.

Windhoek nilipumzika siku moja kama tulivyoandika. Kisha wasafiri wengine walinipa nafasi kwenye gari lao hadi karibu na lango la mbuga, nikalala kwenye chumba kidogo chenye neti iliyotoboka. Asubuhi nilikuwa mlangoni kabla ya jua. Sikunywa chai.

Ni kama ulivyosema. Mchanga ni mwekundu, halafu jua linapogusa upande mmoja unakuwa wa rangi ya machungwa na upande wa pili unabaki mweusi, kama mtu amekata kwa kisu. Lami inaishia mahali fulani, na kutoka hapo mchanga ni mwingi mno kwa magari ya kawaida, kwa hiyo kuna magari ya wazi yenye mabenchi yanayopeleka watu. Dereva wa gari letu alikuwa mtu wa makamo aliyevaa kofia ya sufu. Alikuwa anauliza kila mtu wako wangapi, na watu wanaonyesha kwa vidole, maana kila mmoja alikuwa na lugha yake. Aliponifikia nikainua vidole viwili.

Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe.

Akanipa nafasi mbili kwenye benchi la nyuma. Nikakaa upande mmoja, nikaweka mfuko wa mayai kwenye magoti. Gari likajaa, ila nafasi ile moja. Akangoja. Watu wakageuka kuniangalia. Nikajisemea kwa Kibemba, lugha ya mama yangu, ile ninayosali nayo nikiogopa. Dereva akasikia, macho yakamng'aa. Kumbe alikuwa mtu wa Kitwe, Zambia.

"Mama!" akasema kwa Kibemba. "Mzee yuko wapi?"

"Anakuja," nikamjibu.

"Yuko chooni?"

"Anakuja."

Akaegemea mlango, akangoja kwa heshima. Jua lilikuwa linapanda. Mama mmoja mzungu aliangalia saa yake, kisha akaangalia pembeni kwa adabu. Mimi nilikuwa nimekaza macho kule lami inakoishia. Nakuapia, nilikuwa nakungoja. Nilijua, na nilikuwa nakungoja.

"Mama," akasema tena dereva, polepole. "Mchanga utakuwa moto sasa hivi, na watu wamelipa. Nimfuate mimi? Jina lake nani?"

Nikafungua mdomo kumtajia jina lako. Badala yake nikasema, "Alikufa."

Tangu siku ile sikuwahi kulitamka neno hilo. Kwa watu nilikuwa nasema hayuko, nasema ametutoka, nasema baba wa Ngoie hatunaye. Lilitoka kavu, kwa Kibemba, mbele ya watu ambao hawakuelewa. Dereva akavua kofia yake ya sufu. Akaivaa tena akaenda mbele.

Kabla hajawasha gari alikuja mbio mzungu mmoja mnene na kamera shingoni, anahema, anatafuta nafasi. Nafasi ilikuwa moja tu. Dereva akageuka akaniangalia, ananiuliza kwa macho. Nikasogea. Nikauvuta mfuko wangu, nikampisha. Yule bwana akakaa pale, akatabasamu, akaniomba radhi kwa jasho lake, na gari likaondoka.

Sikupanda mlima hata mmoja. Nilivua viatu nikatembea hadi kwenye ule uwanja mweupe, ambao ardhi yake imepasuka vipande vipande, ngumu, baridi chini ya nyayo. Nikakaa. Nililia kama sikuwahi kulia kwenye mazishi, ambako kulikuwa na watu wa kulishwa na viti vya kuazima. Pale hakuna anayekukimbilia na maji. Hakuna sauti ya gari. Unalia, na sauti inakwenda, na hakuna kinachoirudisha. Nikakuomba msamaha kwa sauti kubwa. Nikakuambia kwamba nilikuwa natabasamu, pale darasani, nilipokusikia. Nikakuambia kwamba nilitaka jangwa. Nilitaka jangwa na wewe, na soko na wewe, na foleni ya Kasumbalesa na wewe.

Nilipofuta macho nikaangalia saa. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Siku nzima tuliyoipanga miaka mitatu, nilikuwa nimeimaliza. Hakukuwa na kitu kingine mule nilichotaka kukiona bila wewe. Nikarudi kwenye gari.

Ngoie alinipokea kituoni akaniuliza, "Mama, ilikuwa nzuri?" Nikamwambia ilikuwa nzuri sana, na si uongo. Nilidhani nikirudi kitu fulani kitakuwa kimelegea kifuani. Hakijalegea. Ila sasa naweza kusema umekufa, na ninapolisema najua nasema nini.

Hiyo ndiyo habari yangu. Mwenzio niko hai, nafundisha, nakula Ngoie anaponiangalia. Kesho ni Jumamosi, sina darasa. Zamani Jumamosi ukiwa safarini nilikuwa na kazi yangu: kukaa hapa na kupanga siku yetu, dakika kwa dakika, na kukisia utafuta nini ukirudi. Sasa sijui nipange nini. Nitaamka, nitafagia uwanja, na baada ya hapo sijui, Papa Ngoie. Sijui kabisa.

Lala salama, tata. Nimesikia. Nilisikia tangu saa nne.

Mke wako,
Mama Ngoie